KINGA YAKO NA VUMBI LA KIANGAZI: TAZAMA GURUDUMU LA MBELE KWANZA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngoja nyumbani, wazee husema ajali haina kinga. Huku kwetu Kongo, ambako wengi wetu baiskeli tunaiita kinga, msemo huo unachekesha kidogo. Mtu aliyeanguka kwenye mteremko kinga alikuwa nayo, tena alikuwa ameikalia. Kilichokosekana ni mpira wenye meno.

Ukurasa huu umezoea kukueleza habari za kofia ngumu, taa, viatu vya kazi na hewa mbaya ya chini. Leo tunatoka nje ya lango. Wakati wa zamu mfanyakazi yuko chini ya macho ya msimamizi. Chombo hukaguliwa, ngazi hujaribiwa kabla ya kukanyagwa. Kisha king'ora kinalia, anapanda kinga yake, na kuanzia hapo hakuna anayemkagua. Mpira wa mbele umelika hadi umekuwa laini kama chupa, freni zimejaa vumbi, mwili umechoka, na mbele yake kuna mteremko. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Kongo ya mwaka 2016 inaihesabu ajali ya njiani, kati ya nyumbani na kazini, kuwa ajali ya kazi. Hilo ni jambo jema, na likikupata utoe habari ofisini bila kukawia. Lakini malipo hayaungi mfupa, wala hayalimi shamba msimu wa kupanda ukifika.

Basi tuzungumze juu ya mipira, na hasa mipira ya wakati wa vumbi.

Kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8, na tena kwa muda mfupi karibu na mwezi wa 1 na wa 2, njia za Butembo na Beni hubadilika sura. Udongo mwekundu uliokuwa tope unakauka, unapondwa na magurudumu ya malori, unakuwa unga. Juu kuna vumbi la kufunika kiatu, chini yake kuna ardhi ngumu kama tofali. Butembo iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, nayo Beni iko chini yake kwa zaidi ya mita 500. Kati yao ni kilomita 54 tu, kupitia Maboya na Kabasha. Anayeshuka kwenda Beni anajua kwamba barabara hiyo haishuki moja kwa moja: inapanda, inashuka, inapinda, kisha inashuka tena. Na ndani ya mji wa Butembo wenyewe, nenda Bulengera au Vulamba, utaona vilima ambavyo hata mtu wa miguu huviteremka kwa adabu.

Wako watakaosema: barabara inatengenezwa, habari ya vumbi itakwisha. Ni kweli kwamba mwaka 2021 serikali za Kongo na Uganda zilianza pamoja mradi wa kutengeneza njia ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na ile ya Beni hadi Butembo. Lakini lami huishia kwenye barabara kuu. Njia ya kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwako, na ile ya kwenda shambani, na ile ya kwenda machimboni, itabaki udongo kwa miaka mingi. Tena lami ina hatari yake. Mtu aliyezoea kwenda polepole kwenye mashimo akifika kwenye lami hufungulia mwendo, na lami inapokatika ghafula anaingia kwenye vumbi akiwa na mwendo ule ule.

Kwa nini vumbi linateleza? Chukua maharage makavu, yamwage juu ya sakafu ya saruji, kisha yakanyage. Sakafu ni ngumu, kiatu ni kizuri, hata hivyo mguu unakwenda. Punje zinabiringika kati ya kiatu na sakafu. Vumbi na changarawe hufanya hivyo hivyo chini ya mpira wa kinga. Mpira usio na meno unapita juu ya punje bila kuigusa ardhi ngumu. Mpira wenye meno mafupi, imara na yaliyo karibu karibu unapenya unga ule na kushika chini. Ndiyo maana mpira unaofaa tope haufai sana vumbi. Ule wa tope una meno marefu yaliyoachana, ili tope lipate pa kutokea wakati gurudumu linapozunguka. Kwenye ardhi kavu na ngumu meno marefu hupinda kama vidole vya mtu anayesukuma ukuta. Ukipinda kona kwa kasi, unahisi kinga inacheza chini yako kabla haijakuangusha. Meno hayo pia hulika upesi, na hukuchosha bure kwenye njia tambarare.

Utazame mpira sehemu mbili. Ya kwanza ni katikati: hapo meno yawe mafupi na yaliyosogeleana, ili gurudumu liende bila kukuchosha. Ya pili ni mabegani, pembeni kabisa: hapo unataka meno makubwa zaidi na yenye pembe kali, kwa sababu kinga inapolala kwenye kona ni meno ya begani yanayokushika. Wauzaji wengi wanakuonyesha katikati ya mpira na kuusifu kwa kuwa ni mnene. Wewe ugeuze, utazame bega.

Hapa lazima tuseme neno juu ya mipira inayoandikwa kuwa ni ya kiangazi. Kiangazi hicho ni cha Ulaya, ambako kwa wiki nyingi njia za milimani hukauka kweli kweli. Sisi tunakaa karibu na mstari wa ikweta. Hata katikati ya mwezi wa 7 wingu linaweza kutoka upande wa Ruwenzori saa 9 ya mchana, likamwaga mvua ya nusu saa, kisha jua likarudi. Na nusu saa hiyo ndiyo mbaya kuliko mvua ya siku nzima. Maji kidogo juu ya vumbi jingi hufanya utelezi kama wa sabuni, kabla mvua haijapata nguvu ya kuosha njia. Kwa sababu hiyo hatukushauri mpira laini wa kukimbilia, wenye meno madogo kama punje za mchele, hata kama kijana wako anaupenda kwa sura. Chukua ule wa katikati: meno ya urefu wa wastani, nafasi kati yao ya kutosha kutapika tope jembamba, mabega imara. Huo utakutumikia mwaka mzima, na mfanyakazi mwenye watoto hawezi kununua mipira ya majira mawili.

Ukiwa na fedha za mpira mmoja tu

Hili ndilo swali ambalo wengi wetu tunakutana nalo. Mipira yote miwili imelika, fedha inatosha mmoja. Je, mpya uufunge wapi?

Karibu kila mtu atakuambia: nyuma. Nyuma ndiko kwenye mzigo, nyuma ndiko mnyororo unakovuta, nyuma ndiko mpira unakokwisha upesi. Na ni kweli, mtu akikaa juu ya kinga yake bila mzigo, zaidi ya nusu ya uzito wake uko nyuma. Ukiongeza gunia la mkaa au mtungi wa mafuta ya mawese, nyuma kunalemewa zaidi.

Sisi tunasema: mpya uende mbele, na ule wa mbele, kama bado una meno, urudi nyuma. Sababu ni hii. Gurudumu la nyuma likiteleza, kinga inayumba kama mkia wa samaki, lakini usukani bado uko mikononi mwako. Unaweza kuachia freni, kuweka mguu chini, kuinyosha. Gurudumu la mbele likiteleza, hakuna la kufanya. Usukani unageuka peke yake, na kabla hujasema neno bega lako limefika chini. Tena kwenye mteremko, unaposhika freni, uzito wa mwili wako na wa mzigo wako unasukumwa mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, na la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusimamisha. Huwezi kuipa kazi hiyo mipira ya juzi.

Na kama ule wa nyuma umefika kwenye nyuzi? Basi hapo si swali la mbele wala nyuma. Mpira unaoonyesha nyuzi unaweza kupasuka saa yoyote. Usipande. Isukume kinga kwa mkono mpaka mwisho wa mwezi. Ni aibu ya wiki mbili.

Namba zilizo ubavuni

Mfanyakazi mwenzetu, kabla ya kwenda sokoni chukua kitambaa chenye maji, futa ubavu wa mpira wako wa zamani, na uandike kwenye karatasi kila namba unayoiona. Watu wengi hupoteza fedha hapa. Wanakwenda wakisema nataka mpira wa 26, wanarudi na mpira usioingia, au mbaya zaidi, unaoingia kwa kulazimishwa na kuruka nje ya janti siku ya mteremko.

Inchi 26 si kipimo kimoja. Kuna 26 ya kinga za milimani, zile zenye mipira minene zilizoenea kwa vijana, ambayo kipimo chake cha kweli ni milimita 559. Na kuna 26 nyingine ya kinga za zamani za mjini, inayoandikwa 26 × 1 3/8, ambayo ni milimita 590. Tofauti yake ni milimita 31, na hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, atakayeziondoa kwa bisibisi. Kinga kubwa nyeusi ya wazee, ile ya kubebea ndizi, kwa kawaida ni 28 × 1 1/2, nayo utaona imeandikwa 40-635. Ile 29 ya kinga mpya za milimani ni 622. Kwa hiyo usitegemee inchi. Tafuta namba mbili zenye kistari katikati: ya kwanza ni unene wa mpira kwa milimita, ya pili ni kipimo cha mahali mpira unapokaa kwenye janti. Namba ya pili lazima iwe ile ile, bila kuongeza wala kupunguza. Ya kwanza unaweza kuibadilisha kidogo, na kwa vumbi tunakushauri uongeze, kwa maana mpira mpana unakalia ardhi zaidi na hauzami upesi kwenye unga. Lakini pima kwanza nafasi iliyopo kati ya mpira na uma wa mbele, na kati ya mpira na freni. Ibaki nafasi ya kidole kila upande. Mpira unaogusa uma wakati changarawe imenata juu yake unaweza kulisimamisha gurudumu ghafula.

Utaona pia mshale. Unaonyesha upande gurudumu linakozunguka unapokwenda mbele. Fundi mwenye haraka husahau kuutazama. Mpira uliofungwa kinyume utakwenda, ila pembe za meno yake zimegeukia upande usiofaa kwa freni.

Mipira mingi inayouzwa Butembo imetoka mbali, kwa makontena yanayopita Mombasa na kuingia kwa Kasindi, na kati yake kuna mizuri na kuna ya ovyo. Usinunue kwa jina lililoandikwa, maana jina huandikwa na yeyote mwenye mashine. Bonyeza ubavu kwa vidole viwili: uwe laini wa kukunjika bila kuonyesha nyufa. Nyufa ndogo ndogo kama za kisigino cha wakati wa baridi maana yake mpira umekaa juani au umezeeka ghalani, hata kama haujawahi kutembea. Zungusha ukingo wa ndani mikononi mwako, ule wenye waya: usiwe na mpindo wala sehemu iliyochomoza. Kandamiza jino moja kwa ukucha. Likiwa gumu kama pembe ya ng'ombe, mpira huo utadumu sana na utateleza sana. Likizama kidogo na kurudi, ndilo tunalolitaka mbele. Nyuma unaweza kuvumilia gumu zaidi.

Tukiwa bado juu ya mpira wenyewe, tukumbuke kwamba kitu hiki hakikuja kwetu kama mgeni. Mwaka 1888 Mwingereza wa Skotlandi aliyeishi Belfast, John Boyd Dunlop, aliifungia kinga ya mtoto wake mipira ya hewa, na katika miaka michache Ulaya nzima ikaanza kuitafuta. Mpira huo ulihitaji utomvu, na sehemu kubwa ya utomvu huo ilitolewa katika misitu ya Kongo, kwa nguvu na kwa damu, wakati nchi hii ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II, kati ya 1885 na 1908. Babu zetu waliukamua mtomvu wa mitambaa ya porini kabla hawajaiona kinga yenyewe.

Hewa: si nyingi, si kidogo

Mtu anaweza kununua mpira mzuri kabisa kisha akauharibu kwa pompa. Desturi ya wengi ni kupiga hewa mpaka mkono uchoke, kwa kuamini kwamba mpira mgumu haupati tundu. Kwenye lami, sawa. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, yale matuta madogo yanayofanana na mabati, mpira mgumu unaruka kutoka tuta hadi tuta. Unapokuwa hewani haushiki chochote, na freni yako inasimamisha gurudumu lisilogusa ardhi. Ukipunguza hewa kidogo, mpira unalala, unayameza matuta, na meno mengi zaidi yanafika chini.

Lakini usipunguze mno. Mpira wenye hewa kidogo ukipiga jiwe unabanwa kati ya jiwe na janti, na mpira wa ndani unatoboka matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo usimlaumu aliyemwaga misumari njiani. Ilaumu pompa.

Kipimo kimeandikwa ubavuni, kwa bari au kwa PSI. Bari 1 ni karibu PSI 14.5. Mipira minene ya milimani huonyesha kiwango cha chini na cha juu, na wakati wa vumbi, ukiwa huna mzigo, mbele ikae karibu na namba ya chini, nyuma iongezwe kidogo. Ukibeba mzigo, ongeza nyuma tena, bila kuvuka namba ya juu. Fundi asiye na kipimo atatumia kidole gumba, na kidole cha fundi mzoefu si kibaya. Ila akupimie kabla ya kupakia mzigo. Fanya hivyo asubuhi, kabla ya jua kali, maana hewa iliyopata joto hujitanua.

Joto hilo si la jua peke yake. Kwenye mteremko mrefu freni za kukamata janti zinaipasha moto, na moto huo unafika kwenye mpira wa ndani. Mtu mzito mwenye mzigo mzito anayeshika freni moja bila kuiachia kutoka juu mpaka chini anaweza kupasua mpira katikati ya kona. Bora kushika na kuachia, mbele na nyuma kwa zamu, kuanza kupunguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake, na kusimama katikati ya mteremko ukiwa mrefu. Wanaobeba ndizi wanajua kushuka wakitembea pembeni ya kinga, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Si woga, ni ujuzi wao, na vijana wanaowacheka wangewaiga.

Chukudu nayo ina mpira

Hatuwezi kuandika habari ya magurudumu ya Kivu ya Kaskazini tukaiacha chukudu. Goma waliisimamishia sanamu, na walifanya haki. Ni gari la mbao la magurudumu mawili linalobeba viazi, mkaa, mbao na kabichi, na chukudu kubwa inachukua kilo mia kadhaa. Ndugu zetu wengi wa machimboni walianza maisha nayo, na familia zao bado zinakula kwayo.

Gurudumu la chukudu ni mbao, lakini limevikwa ukanda uliokatwa kutoka mpira wa zamani wa gari, ukapigiliwa misumari. Wakati wa kiangazi mbao hukauka na kusinyaa. Ukanda uliokuwa umekaza mwezi wa 5 unalegea mwezi wa 7, kichwa cha msumari kinachomoza, na msumari ukidondoka unangoja mpira wa mtu mwingine njiani. Zungusha gurudumu kila asubuhi, pitisha kijiti juu ya ukanda (usipitishe kiganja), gonga kila msumari uliolegea. Unapochagua ukanda mpya, chagua ule ambao bado una mifereji ya mpira wa gari. Ukanda laini unaonekana nadhifu ila kwenye vumbi unateleza kama mpira wowote uliolika.

Freni ya chukudu ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Freni ni hiyo peke yake. Kipande hicho kikiwa chembamba, mguu wako unakwenda moja kwa moja kwenye gurudumu. Mama, ukimwona kijana wako anateremka na chukudu akiwa na viatu vya plastiki vya kuvaa bafuni, mrudishe. Na usimpakie mdogo wake juu ya mzigo.

Tukiwa hapo kwa watoto: mtoto anayekaa nyuma ya kinga huiacha miguu ining'inie, na kisigino chake kinaingia kwenye spoki. Inatokea kwa mwendo mdogo kabisa, njiani kwenda shule. Fundi anaweza kufunga ubao mdogo au kipande cha wavu pande zote mbili za gurudumu la nyuma kwa gharama ndogo. Afunge pia vishikizo vya kuwekea miguu.

Tundu likitokea, na litatokea, jambo moja linaharibu kazi ya wengi: haraka. Ukishasugua mpira wa ndani kwa msasa na kupaka gundi, ngoja. Kiraka kiwekwe gundi inapokuwa haishiki tena kidole, si inapokuwa bado maji maji. Kabla ya kurudisha mpira wa ndani, pitisha kitambaa ndani ya mpira wa nje mzunguko mzima. Kitambaa kitanasa mwiba au waya uliotoboa, na hutajikata. Ukipuuza hatua hiyo utaziba tundu lile lile mara mbili kwa siku moja. Na kama mpira wa nje una mkato mrefu, kipande cha ubavu wa mpira wa zamani kikiwekwa ndani, chini ya mkato, kitakufikisha nyumbani. Kufika nyumbani tu. Si kwenda Beni na kurudi.

Mwisho, mpira uliokwisha. Usimfungie mtoto kwenye kinga yake ndogo kwa kudhani kwamba mtoto ni mwepesi. Mpeleke kwa fundi viatu, au mpe jirani anayehitaji vipande. Wa gari au wa pikipiki utamfaa mtengenezaji wa chukudu. Usiutupe nyuma ya nyumba, wala usiuchome, moshi wake ni sumu kwa mapafu. Ukikaa nje utajaa maji mvua za mwezi wa 9 zinapoanza, na mbu aina ya Aedes, yule mwenye madoadoa meupe anayeuma mchana na kuleta homa ya manjano na chikungunya, hupenda kutaga mayai ndani ya mipira ya namna hiyo kuliko mahali pengi. Ukikosa wa kumpa, toboa matundu kadhaa makubwa upande wa chini, au ujaze udongo na upande mboga ndani yake.